Mzigo wa Mama na Rangi ya Turubai

Benchi letu liko kwenye kona, ubavuni mwa ukuta wa ghala, hatua sita kutoka kiti cha Kinyozi. Ni ubao mmoja mrefu wenye miguu minne, mguu mmoja umefungwa waya, na katikati umebonyea kidogo kwa sababu hapo ndipo wanapokaa wanaopenda kubishana. Kulizunguka zimesimikwa nguzo nne ambazo hazijabeba kitu. Turubai la zamani lilichanwa na upepo, na wateja wangu wakaanza kuchanga ili kununua jipya. Mchango ulitimia upesi kuliko walivyotarajia. Kilichowashinda ni rangi. Bwana Posta alitaka bluu kwa sababu ni rangi ya heshima. Shahidi alitaka kijani kwa sababu, alisema, nzi hawaipendi. Kinyozi alitaka nyeupe ili apate mwanga wa kunyolea. Walibishana miezi mitatu, na muda wote huo pesa zilikaa ndani ya kopo la zamani la poda, nyumbani kwa Kinyozi, kabatini mwa mke wake, maana hakuna aliyekubali zikae kwa mwingine. Sisi tukawa tunalisogeza benchi kufuata kivuli cha ukuta, asubuhi huku, mchana kule.

Mimi ndiye ninayemimina kahawa. Wananiita Karani, kwa sababu mtu akiletewa fomu au ujumbe mrefu kwenye simu, ananipa mimi nimsomee. Nilifika kidato cha pili. Mama alikuwa mfumaji wa sweta za shule, anafuma kwa sindano mbili huku anaongea na wewe bila kuzitazama. Kisha akapata kiharusi, na mkono wake wa kushoto ukalala. Sindano mbili zinataka mikono miwili. Nikaacha shule, nikashika birika.

Siku moja niliona kwenye simu mashine ya kufumia. Inafungwa mezani, nyuzi zinapangwa kwenye meno, halafu kuna kitu kama pasi unachokisukuma kulia na kushoto. Kwa mkono mmoja. Nilimwonyesha mama ile picha. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda na kurudi juu ya shuka.

Mwalimu mkuu wa shule niliyoiacha aliniambia hivi: mkiniletea sweta moja ya mfano kabla muhula haujafunguliwa, na ikiwa nzuri, nitawapa kazi ya kidato cha kwanza chote. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Nilikuwa nimeweka akiba miezi minane. Tangazo lilisema: lipa ukipokea. Nikaagiza.

Siku ya mzigo kufika, pesa nilizifunga kwenye leso nikaichomeka kiunoni, na kila baada ya kikombe kimoja nilikuwa naigusa. Kijiwe chote kilijua.

Shahidi ni fundi mwashi. Anaitwa hivyo kwa sababu jambo lolote lililowahi kutokea duniani, yeye alikuwepo. Ndiye aliyeanza.

Shahidi: Lipa ukipokea! Hicho kitu hakipo. Mtu akuamini hajawahi kukuona hata sura?

Bwana Posta: Kipo, na kilikuwepo kabla hujazaliwa. Mimi nimekaa dirisha la vifurushi miaka ishirini na minane. Mzigo unakuja, mwenyewe anaitwa, analipa dirishani, anakabidhiwa. Watu waliagiza saa, viatu, hata meno.

Kinyozi: Meno?

Bwana Posta: Ya bandia. Jamaa mmoja alilipa, akayavaa palepale, akaenda kula mkate, akarudi kusema hayamtoshi. Nikamwambia, mzee, haya siwezi kuyapokea, yana siagi.

Shahidi: Nilikuwepo.

Bwana Posta: Hukuwepo.

Shahidi: Nilikuwa mtu wa tatu kwenye foleni. Siagi niliiona.

Kinyozi: Karani, mimi nasema hivi: wakileta, usitoe hata senti kabla hujaona. Shemeji yangu aliagiza simu, akaletewa kipande cha sabuni.

Shahidi: Afadhali sabuni. Najua mtu aliagiza televisheni akaletewa fremu ya dirisha. Akaifunga ukutani, mpaka leo anaangalia jirani.

Walicheka, na mimi nilicheka, lakini niliigusa tena ile leso.

Saa nne hivi ikaja pikipiki yenye sanduku kubwa nyuma. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, kofia ya pikipiki imempa mstari mwekundu kwenye paji la uso. Akatoa simu, akasoma jina langu la shule, lile ambalo kijiweni hakuna anayelijua. Watu wote wakageuka kutafuta huyo ni nani. Nikanyoosha mkono.

Dada wa Mizigo: Ni wewe? Nilidhani mtu mzima. Haya mwanangu, mzigo wako huu. Unalipa, halafu unafungua. Kufungua kabla hujalipa hairuhusiwi.

Alilishusha boksi akaliweka juu ya benchi. Nikafungua leso, nikampa. Alihesabu mara moja, akanitazama, akahesabu tena.

Dada wa Mizigo: Hii ni bei ya mashine. Ya kufikishiwa iko wapi?

Alinionyesha kwenye simu yake. Mstari wa mwisho kabisa, herufi ndogo za kijivu: gharama ya kufikisha mzigo italipwa na mpokeaji. Mimi ambaye nusu ya mtaa inaniletea karatasi niisomee, sikuwa nimesoma mstari wa mwisho wa karatasi yangu mwenyewe. Nilitoa na sarafu zote za kahawa ya asubuhi ile. Hazikufika hata robo.

Mimi: Dada, naomba uje nayo kesho.

Dada wa Mizigo: Ingekuwa yangu ningekuachia. Mteja akikosa, mzigo unarudi ghala kuu, na kutoka ghala kuu mpaka huku ni wiki tatu. Na namba yako wataifungia. Ukitaka tena, utalipa kwanza, yote, kabla hawajatuma. Nina robo saa kwa kila mteja, mwanangu. Fikiria nani anaweza kukusaidia.

Wiki tatu. Na kwa mwalimu mkuu zilikuwa zimebaki mbili. Na mama alikuwa tayari ameniambia nipanguse meza iliyoko dirishani, nimwekee kiti upande wa kulia.

Mtu wa kunisaidia sikuwa naye. Mama alinikataza jambo moja tu nilipoanza kazi hii: hawa wanaokunywa kahawa kwako usiwaombe kitu, maana siku ukiwaomba watakaa kwa kujilazimisha, na siku hiyo benchi limekufa. Nikainamisha kichwa, nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Hapo Kinyozi akasimama.

Kinyozi: Lo, nimesahau taulo nyumbani. Naifuata mara moja.

Akaondoka kwa haraka. Taulo ilikuwa begani mwake.

Bwana Posta: Dada, ukiwa kazini huruhusiwi kupumzika? Sisi posta tulikuwa na mapumziko ya chai, na hata mkurugenzi hakuthubutu kuyagusa.

Dada wa Mizigo: Ninayo mara moja kwa siku. Leo bado.

Bwana Posta: Basi pumzika hapa. Kahawa juu yangu.

Dada alilitazama birika, akalitikisa kidogo kusikia limebaki na kiasi gani.

Dada wa Mizigo: Sawa. Napumzika kwa kahawa hii iliyomo humu. Ikiisha, naondoka na boksi langu. Msije mkaninung'unikia.

Alikaa. Nikamimina. Kwa mkono wangu ulivyozoea, nilijua humo mna vikombe tisa, labda kumi vikiwa vya kubana.

Sikujua ni nani ninayemsubiri. Nilidhani ninasubiri tu mwisho.

Shahidi: Mimi nawaambieni, hilo boksi ni matofali.

Mimi: Mjomba, tafadhali.

Shahidi: Tafadhali ya nini? Mimi mwashi. Tofali nalijua hata likivaa suti.

Bwana Posta aliinuka taratibu, akalipakata boksi kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akafumba macho.

Bwana Posta: Kilo kumi na moja na kidogo. Tofali moja kilo tatu. Hayagawanyiki.

Shahidi: Basi matatu na kipande.

Dada wa Mizigo: Baba, kampuni yetu itume kipande cha tofali kwa faida gani, wakati pesa hajatoa?

Shahidi: Hapo ndipo penye ujanja! Wewe umeiona hiyo kampuni? Umeingia ofisini, ukakaa kwenye kiti, ukamsalimia bosi?

Dada wa Mizigo: Bosi nampata kwenye simu.

Shahidi: Mmesikia? Bosi yuko kwenye simu! Dada, nakuambia kwa upole: hakuna kampuni. Kuna wewe na pikipiki yako. Unajipigia simu asubuhi, unajituma, jioni unajifokea.

Dada alicheka mpaka akashika magoti. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira nao. Boksi la mama liko juu ya benchi linasubiri kurudishwa, na wao wamelifanya mchezo. Vikombe vilikuwa vimebaki sita.

Bwana Posta: Hilo la kampuni sijui. Ila mizigo inayotembea bila mwenyewe ipo. Kuna kifurushi kimoja nilikipokea dirishani mara kumi na saba. Nakituma, kinarudi. Anwani sahihi, stempu sahihi, kinarudi tu. Mwishowe nikawa nakisalimia. Nilipostaafu nilikiaga kabla ya kuwaaga wenzangu.

Dada wa Mizigo: Kilikuwa na nini ndani?

Bwana Posta: Sisi hatukuwa watu wa kufungua.

Shahidi: Nilikuwepo. Kilikuwa na jogoo.

Bwana Posta: Jogoo miaka ishirini na minane?

Shahidi: Alishatulia.

Mimi: Babu, nyie mnamchelewesha dada wa watu.

Bwana Posta alilivuta boksi karibu, akaanza kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake, kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Jina la mtumaji. Namba ya mzigo. Jina langu. Namba ya simu. Alipomaliza akarudi mwanzo. Mtumaji, namba, jina langu. Alipoanza mara ya tatu, niligundua kitu. Jina la mtumaji lilikuwa limebadilika. Mara ya kwanza alisema kampuni fulani na wanawe, mara ya pili akasema na ndugu zake. Nikamtazama usoni. Miwani yake ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa. Bwana Posta bila miwani hawezi kusoma hata bango la barabarani.

Nikamtazama Shahidi. Alikuwa anaongea na dada, lakini macho yake yalikuwa kwenye kona ya mtaa, kule alikopotelea Kinyozi.

Hapo nikaelewa: walikuwa wanavuta muda. Kwa hiyo nikafanya kazi yangu. Nilichukua kikombe cha dada, nikakiosha, nikakikausha, nikakitazama kwenye mwanga, nikakiosha tena. Nikammiminia nusu.

Dada wa Mizigo: Mbona nusu?

Mimi: Ya chini ni kali, dada. Inanywewa kidogo kidogo.

Bwana Posta aliinua uso, akanikonyeza kwa jicho moja, akarudi kwenye karatasi yake asiyoiona.

Shahidi: Sasa sikilizeni, nimeshaielewa siri yenyewe. Boksi si mzigo.

Dada wa Mizigo: Ni nini tena?

Shahidi: Boksi ni mizigo yako wewe. Nguo zako, sahani, mto wa kulalia. Aliyeagizwa ni wewe! Karani amebonyeza pasipotakiwa, kampuni ikasema, haya, mpelekeeni dada mmoja. Ndiyo maana wanasema lipa ukipokea. Tukikulipia, unahamia hapa.

Dada wa Mizigo: Mimi bei yangu hamuiwezi.

Shahidi: Na ya kukufikisha juu?

Dada wa Mizigo: Hiyo nimejifikisha mwenyewe, baba. Pikipiki yangu, mafuta yangu. Hata kofia hii wamenikata kwenye mshahara.

Hapo kidogo kicheko kikapungua. Alikunywa ile nusu yake, akaniuliza, kwa sauti ya chini, mashine ni ya nini. Sikutaka kumwambia ili anionee huruma. Lakini aliuliza vizuri, na muda ulikuwa unahitaji kujazwa. Nikamweleza habari za mama, sindano mbili, mkono uliolala, na ule mkono wa kulia uliokuwa unasukuma hewa juu ya shuka.

Alikizungusha kikombe mkononi.

Dada wa Mizigo: Ningekuwa na uwezo wa kupunguza, ningepunguza. Ikikosekana hata moja wanaikata kwangu, na mimi nina wanne nyumbani.

Mimi: Najua, dada. Kosa ni langu. Sikusoma mstari wa mwisho.

Nikamimina tena. Kilichotoka kilijaza kikombe kwa robo. Nikainamisha birika zaidi. Zilitoka chembechembe nyeusi, kisha tone moja, kisha hakikutoka kitu.

Shahidi alifungua mdomo. Aliangalia kona, akaniangalia mimi, akaangalia kona.

Shahidi: Mimi... mimi niliwahi... nilikuwepo siku moja...

Bwana Posta: Ehe? Ulikuwepo wapi? Sema yote, taratibu.

Shahidi: Nilikuwepo mahali.

Dada alisimama. Akaweka kikombe kwenye sinia kwa adabu, akalichukua boksi, akaliweka nyuma ya pikipiki na kuanza kulifunga kwa kamba. Nilimwona anafunga fundo la kwanza. Alifunga polepole, lazima niseme. La pili alikosea, akalifungua, akaanza upya.

Kabla hajalikaza tukasikia vishindo vya miguu.

Kinyozi alikuja mbio, aproni ikipepea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Taulo bado iko begani. Alisimama mbele yangu anahema kama aliyepanda ghorofa kumi, akaninyooshea ngumi, akaifungua. Zilikuwa noti zilizokunjwa na sarafu nyingi.

Kinyozi: Karani... uliangusha hizi... kwenye kiti changu.

Sijawahi hata mara moja kukalia kiti cha Kinyozi. Nywele zangu nasukwa na mama, kwa mkono mmoja siku hizi, na zinatoka upande.

Bwana Posta: Si nilikuambia asubuhi, Karani, angalia mifuko yako?

Shahidi: Nilikuwepo zilipoanguka! Nikasema, huyu binti, huyu!

Nilizipokea. Zilikuwa na unga mweupe, na zilinukia poda. Nikampa dada. Alihesabu, akatosheka, akazirudisha zilizozidi mkononi kwa Kinyozi moja kwa moja, si kwangu. Kisha akatazama vidole vyake vyeupe, akatazama juu, kwenye nguzo nne tupu. Akaifungua kamba.

Dada wa Mizigo: Haya. Fungua.

Kinyozi alitoa wembe mpya. Nilikata utepe. Ndani kulikuwa na karatasi za kukunjakunja, nyingi, mpaka Shahidi akaanza kusema taratibu kuwa matofali pia hufungwa hivyo. Halafu ukatokea mstari mrefu wa meno ya chuma, yamepangwa safi, yanang'aa, na juu yake ile pasi. Niliisukuma. Ilikwenda kulia ikasema krrr. Ikarudi kushoto ikasema krrr.

Shahidi: Mimi tangu mwanzo nilisema ni mashine.

Waliibeba wao wenyewe mpaka nyumbani, Bwana Posta mbele anaongoza njia na Kinyozi na Shahidi wameishika kama jeneza la tajiri. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti. Hakumshukuru mtu siku ile, hakuweza. Aliweka mkono wa kulia juu ya pasi, akasukuma, na wale wanaume watatu wakasimama mlangoni wakisikiliza mlio ule mpaka kila mmoja akakumbuka ana kazi mahali fulani.

Sweta ya mfano ilipelekwa siku mbili kabla ya muhula kufunguliwa. Shingo ilikuwa pana kidogo. Mwalimu mkuu aliivuta, akaigeuza nje ndani, akasema: shingo mtarekebisha, nileteeni nyingine thelathini na tano. Sasa hivi ninapoandika, mlio uko chumba cha pili, na mama anaongea na jirani bila kuitazama kazi yake.

Naandika haya kwa sababu kijiweni sijapata nafasi ya kusema. Nikifungua mdomo, Kinyozi anawasha mashine yake ya kunyolea. Nikimfuata Bwana Posta, anavaa miwani na kuanza kusoma gazeti ambalo ni la juzi. Shahidi, ambaye yupo kwenye kila jambo, ukimuuliza habari ya siku ile anasema hakuwepo. Wameamua kwamba mimi niliangusha pesa, na limekwisha. Wamekaa juani msimu mzima. Bwana Posta anajifunika kichwa kwa bahasha kubwa ya kaki. Hakuna aliyelitaja turubai tena. Ule ubishi wa rangi, walioupenda kuliko hata kahawa, waliuzika siku moja bila mazishi, ili nisisikie.

Nasema asante. Nimeiandika ili isiweze kuzimwa na mashine ya kunyolea.

Basi juzi, saa nne ileile, pikipiki ikasimama kwenye kona. Dada wa Mizigo akavua kofia, mstari wake mwekundu ukiwa palepale, akasalimia, akakaa mahali pake pa siku ile. Wakasogea wampishe. Nikammiminia kikombe kizima.

Alitazama juu.

Dada wa Mizigo: Hivi nyie, mbona mpaka leo hamna turubai?

Kinyozi akakuna shavu. Shahidi akaangalia kona, ambako safari hii hakuna mtu aliyekuwa anakuja.

Bwana Posta: Ah. Hatujakubaliana rangi tu.

Kinyozi: Ndiyo. Ni rangi.

Shahidi: Rangi ni jambo zito. Haliendi mbiombio.

Dada alikunywa kidogo, akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri. Nilijua anachotaka kusoma, na nikajifanya ninapanga vikombe.

Dada wa Mizigo: Afadhali nimewakuta wote. Maana huyu Karani wenu ameagiza turubai kwetu tangu wiki iliyopita. Futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Lipa ukipokea, na ya kufikisha ameulizia mapema, mpaka na senti zake. Kila mahali amejaza vizuri isipokuwa sehemu moja ameiacha tupu, na ghala wananisumbua.

Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Dada wa Mizigo: Niwaambie rangi gani?

Kinyozi alichukua taulo begani akajifuta uso, akaendelea kujifuta ingawa uso ulikuwa mkavu. Bwana Posta aliivua miwani, akaivaa, akaivua. Tuliisubiri sauti ya Shahidi, maana hakuna swali lililowahi kumshinda, naye alikaa tu akiziangalia zile nguzo nne kama ndio kwanza anaziona.

Dada alisubiri na kidole chake juu ya simu. Sehemu ile nilikuwa nimewaachia wao. Nikainamisha birika nimwongezee, likawa tupu, nikabandika jingine.